Mtu wa Kupokea

Dada yangu ana hotipoti ndogo ya kijani ambayo mama alimnunulia alipoajiriwa. Asubuhi huijaza wali na maharage, au makande yaliyobaki jana, huifunga kwa kanga kuukuu na kuondoka nayo. Julai iliyopita nilikaa kwake wiki tatu, na katika siku 10 alizoingia zamu ya asubuhi, hotipoti ilirudi haijafunguliwa siku 6. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiiosha, na kuanzia siku ya tatu nilianza kuhesabu. Nasoma shahada ya uzamili ya sosholojia Dar es Salaam, na nilikuwa nimepanda Lushoto ili niandike sura ya pili ya tasnifu yangu mahali penye baridi na utulivu. Sura haikuandikika. Daftari lilijaa habari za hotipoti.

Dada ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya kilicho juu zaidi ya mji wa Lushoto, huko ambako lami imeshakwisha na basi hupita mara mbili kwa siku. Sitakitaja jina. Si kituo kibaya. Kina maji, kina dawa kwa sehemu kubwa ya mwezi, kina watu wanaoijua kazi yao. Nasema hivyo mapema kwa sababu habari za uchovu wa wauguzi hugeuka upesi kuwa hadithi ya bosi mkorofi au ya nesi mwenye mdomo mchafu, na hapa hakuna hata mmoja wa hao.

Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini hakula. Akanijibu kwa swali: "Nile saa ngapi?" Baadaye nikagundua kwamba hata maji hanywi. Anakunywa kikombe cha chai alfajiri na kingine akirudi. Choo cha watumishi kiko nyuma ya jengo, unashuka ngazi za mawe, na kwenda na kurudi ni dakika 5. Kama wodini yuko peke yake na kuna mama anayekaribia kujifungua, dakika 5 ni nyingi mno. Basi ameamua kutokunywa. Kwa mwaka mmoja ameugua maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili, akameza dawa na kuendelea na zamu.

"Wengi wetu ndivyo tulivyo," aliniambia. "Kutwa tunawahimiza wajawazito wanywe maji, sisi wenyewe tumekauka."

Watu wengi wanaifahamu Lushoto kama mahali pa kupumzikia. Ukiiacha barabara kuu pale Mombo unapanda kona kwa kona, unapita Soni, na kila kona joto linapungua. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na joto la pwani lilipowashinda walikimbilia huku. Waingereza waliokuja baada yao walifanya vivyo hivyo. Siku hizi ni wageni wa mwisho wa wiki wanaosimama kwenye mwamba wa Irente, wanapiga picha ya nyika iliyo chini, wanakula mkate na jibini, wanashuka wakisema wamepumzika. Hata mimi nilikuja kwa ajili hiyo. Nilifikia kwa mtu ambaye hajui pumziko lina sura gani.

*

Usiku mmoja nilimpelekea chakula kituoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa madirisha, na mlinzi akanishauri nisirudi gizani. Nikakaa kwenye benchi la ndugu nje ya wodi ya wazazi mpaka asubuhi. Ndani sikuingia, si mahali pangu, na ya mle ni siri ya wenyewe. Lakini kutoka kwenye benchi lile unaweza kusikia viatu vya nesi, na viatu vya dada yangu navijua.

Ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani ilikuwa na majina mawili kwa usiku ule, kuanzia saa 1:30 jioni hadi saa 1:30 asubuhi. Saa 3 usiku mama mmoja akahitaji rufaa. Gari likapatikana, na mgonjwa wa namna ile hasafirishwi bila muuguzi, kwa hiyo mwenzake dada, binti aliyetoka chuoni mwaka juzi, akapanda naye. Kushuka na ule ukungu, kumkabidhi mgonjwa hospitalini, kusubiri karatasi, kupanda tena: alirudi saa 9 usiku. Karatasi ya ukutani iliendelea kusema wako wawili. Kwa saa 6 wodi ilikuwa na mtu mmoja.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja aliyejitanda blanketi juu ya kanga mbili, akimsubiri mjukuu wake ajifungue. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia nesi aliye ndani ni dada yangu. Alinyamaza, akasikiliza vile viatu.

"Mjukuu wangu, mbona huyu hajakaa tangu tufike?"

"Ndiyo kazi yao, bibi."

Akatikisa kichwa. "Hata jembe tunapokezana."

Baada ya siku mbili, dada alipokwisha lala akashiba usingizi, nilimwomba anipigie hesabu ya usiku ule kwa dakika, bila kutaja mtu. Wakati wenyewe walikuwapo kina mama wawili kwenye uchungu mkali na mmoja aliyejifungua muda si mrefu. Mama aliye kwenye uchungu anatakiwa kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kwa dakika nzima. Kila nusu saa pia uchungu wake uhesabiwe: unaweka mkono juu ya tumbo na kuhesabu umekuja mara ngapi ndani ya dakika 10, na kila mmoja umedumu kwa muda gani. Ongeza mapigo ya moyo wa mama mwenyewe na maneno mawili ya kumtia moyo, unapata dakika 12. Kina mama wawili, dakika 24. Aliyekwisha jifungua anatazamwa kila robo saa katika saa za mwanzo: damu, tumbo, presha, mtoto anapumuaje, ananyonya. Ukienda mbio ni dakika 3, mara mbili katika nusu saa, dakika 6.

Dakika 24 na dakika 6 ni nusu saa kamili.

Hapo bado hajaandika kitu kwenye partografu, hajafungua kitabu cha MTUHA, hajaosha vifaa, hajamgusa mtoto mwenye homa wa chumba cha pili, wala kijana aliyekuja saa 4 na jeraha la panga mguuni. Nusu saa nyingine inaanza palepale ile ya kwanza ilipoishia.

"Kwa hiyo unafanyaje?" nikamuuliza.

"Unapunguza. Unaanza na vyako. Unaacha kula, unaacha choo, unaacha kukaa. Hivyo vikiisha, unaanza kupunguza vya wagonjwa. Dakika 10 za kuhesabu uchungu zinakuwa 5. Robo saa inakuwa dakika 25. Hakuna anayekuona, na mara nyingi hakuna linalotokea." Akakaa kimya kidogo. "Mara nyingi."

Nilikuwa nimesoma kitu cha namna hiyo kwenye maktaba, kwa lugha ya takwimu. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake kutoka hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, wenye kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Waliona kwamba kila muuguzi anapoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Nilipoisoma ile asilimia 7 nilipiga mstari chini yake kwa kalamu na kugeuza ukurasa. Sasa niliisikia kwa sauti ya dada yangu, jikoni, akimenya viazi.

*

Mwanafunzi akikutana na jambo zito hukimbilia maandishi. Nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ni sheria nzuri kuisoma ukiwa na hasira. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na siku moja isizidi saa 12 hata ukiweka za ziada. Kifungu cha 23 kinasema mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Nikamwita dada aje asikie. Nikamsomea kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

"Endelea," akasema.

Kijifungu kinachofuata kinasema mwajiri anaweza kumtaka mfanyakazi aendelee kufanya kazi wakati wa mapumziko ikiwa tu kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mwangalizi, au haiwezi kufanywa na mfanyakazi mwingine.

Dada akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Hapo si umeitaja kazi yangu yote?"

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria lile cheko. Waliotunga kifungu walikuwa na sababu: huwezi kuamuru mkunga aondoke mtoto akiwa njiani eti saa 7 imefika. Lakini walichokiona kama dharura ya mara moja moja, kwa dada ni Jumatatu ya kawaida. Karani akienda kula, anafunga faili na foleni inasubiri. Faili halitokwi damu. Anachohitaji ni saa moja. Ukimpa mkunga saa moja bila kumpa mtu wa kusimama pale alipokuwa amesimama, hujampa kitu. Na mtu huyo akiwepo, hata dakika 20 zinatosha kula wali na kushuka zile ngazi za mawe.

Kiswahili kinalijua jambo hili kuliko sheria. Tunaita zamu, na neno hilo haliwezi kusimama kwa mtu mmoja: zamu yangu ina maana kwamba iliyobaki ni yako. Wauguzi wenyewe hawasemi wamemaliza kazi, wanasema wamekabidhi. Asiyekuwa na wa kumkabidhi hajamaliza, hata saa ikisema nini.

Wapo waliolitia jambo hilo kwenye sheria. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha mwaka 1999 sheria ya idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, na uwiano wenyewe ukaanza kutumika mwaka 2004. Kwa kina mama walio kwenye uchungu mkali, muuguzi mmoja asiwe na zaidi ya wawili. Hospitali ziliuliza: hata wakati muuguzi amekwenda kula? Jibu likawa ndiyo, uwiano ni wa wakati wote. Kwa hiyo zikalazimika kuweka wauguzi ambao kazi yao kwenye zamu ni kuwapokea wenzao wakale. Nilimweleza dada kwamba kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo. Alinitazama kama nimemwambia kuna nchi ambako mvua hunyesha kwa miadi.

Najua sisi si California. Lakini pia sikubali kwamba jibu letu lote ni umaskini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, karibu 9 kati ya kila 10 wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, kama yetu. Ukisoma hivyo utadhani wauguzi hawapo. Chini kidogo ya kituo cha dada, sokoni, kuna kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Binti anayekaa humo ana stashahada ya uuguzi na leseni, na anasubiri ajira mwaka wa tatu sasa. Kutoka kibandani kwake mpaka wodini ni mwendo wa dakika 10.

*

Tunapoishiwa na hoja kuhusu wauguzi tunasema uuguzi ni wito. Mama yetu husema hivyo, kwa fahari ya kweli. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, wauguzi huwasha mishumaa na kula kiapo chenye jina lake, na hotuba husifu taa yake iliyozunguka wodini usiku kucha. Kiapo chenyewe hakukiandika yeye. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893. Aliloandika yeye, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, ni pamoja na sura nzima kuhusu jambo lisilo na mshumaa wowote: namna ya kuhakikisha kwamba unalolifanya ukiwepo litafanyika na usipokuwepo. Kwake yeye, uuguzi wote mzuri ungeweza kuharibiwa na kukosekana kwa mpango huo mmoja. Tumeibeba taa, sura hiyo tumeiacha.

Sikatai kwamba ni wito. Nimemwona dada akiamka saa 8 usiku, siku yake ya mapumziko, kwa sababu ndotoni amesikia mtu anaita sista. Ninachokataa ni jinsi neno hilo linavyotumika. Mwenye wito hapaswi kulalamika, na asiyelalamika anahesabiwa kuwa hana shida. Hata ile "pole na kazi" yetu, ambayo naipenda kwa sababu inatambua kuwa kazi inaumiza, tunaisema tukiwa tunapita.

Wiki ya mwisho ya kukaa kwangu dada alinipa kazi. "Wewe umesoma," akasema, "unajua Kiswahili cha ofisini. Niandikie barua ya kuambatisha kwenye ombi la uhamisho." Mumewe ni mwalimu Muheza. Mtoto wao ana miaka 5, na usiku wa zamu hulala kwa jirani. Kituoni dada amekaa miaka 7.

Nikaandika rasimu. Aya ya kwanza ilimweleza mumewe na mtoto. Aya ya pili nilieleza zamu: saa 6 za kuwa peke yake, chakula, maji, maambukizi. Niliona ndiyo aya bora zaidi. Dada aliisoma mara mbili, akachukua kalamu na kuikata yote.

"Sababu ni kumfuata mwenza. Hiyo wanaijua. Ukiandika nimechoka watasoma kwamba sipendi kazi."

"Lakini ndiyo sababu."

"Ndiyo sababu," akasema. "Haina mahali pa kujazwa."

Njia ya haraka zaidi, aliniambia, ni kubadilishana: unatafuta muuguzi wa kada yako aliye huko unakotaka, anayetaka kuja uliko. Kuna makundi ya WhatsApp ya kazi hiyo. Akaandika kwamba yuko Lushoto na anatafuta wa kubadilishana naye kutoka Muheza, Korogwe au Tanga mjini. Watu watatu wakamtafuta. Wote waliuliza baridi ikoje, mtandao unashika, na zamu wanakuwa wangapi. La kwanza na la pili walivumilia. Alipojibu la tatu kwa ukweli, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Ungesema wawili," nikamwambia. "Si ndivyo ratiba inavyosema?"

"Halafu aje alie hapa peke yake usiku, akinikumbuka?"

Na kulikuwa na yule binti. Dada alimpokea akitetemeka, akamfundisha kushona, kuhesabu uchungu, kuzungumza na bibi wa Kisambaa asiyetaka kusikia habari za rufaa. Kama dada angehama kabla mtu hajaja, usiku wa binti yule ungekuwa wa mtu mmoja tangu saa 1:30 jioni, bila hata kusubiri gari la rufaa. Nilitaka dada aondoke. Bado nataka. Nilipomwambia hivyo alisema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha akasema yeye ndiye angekuwa amekichukua kile kidole cha pili.

Kabla sijashuka tuliandika barua nyingine, fupi, ya kwake na mwenzake, kwenda kwa mganga mfawidhi. Haikulalamika. Iliomba jambo moja: muuguzi akisindikiza mgonjwa wa rufaa, awepo mtu anayejulikana wa kuitwa achukue nafasi yake. Mganga mfawidhi, ambaye naye hutibu, husimamia na hujaza ripoti kwa mkono uleule, aliikubali siku hiyohiyo.

Mwezi Agosti, nikiwa Dar es Salaam, dada alinitumia picha ya karatasi iliyobandikwa kando ya ratiba ya zamu. Ilikuwa na majina matano na namba za simu, kwa mpangilio wa kuitwa. Hakuna jina jipya. Ni walewale, kwenye siku zao za mapumziko. Jina la kwanza ni lake, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi.

Nilimpigia. Alikuwa ameshaitwa mara mbili usiku, mtoto akapelekwa kwa jirani amefunikwa shuka. Nikaanza kusema hayo si mapumziko, mmechukua tu ya mmoja kumpa mwingine. Akanikatiza.

"Lakini juzi nilipoingia nilimwambia kaa ule. Akakaa. Alikula chote."

Nikamuuliza kuhusu uhamisho.

"Bado," akasema. "Mtu hajapatikana."